Pronghoni wa Wyoming: uende kuwinda lini, Agosti, Septemba au Oktoba?

Kila mwaka majira ya joto yakikaribia kuisha, watu wetu walioko Marekani, Colorado, Nebraska na hata mbali zaidi, wanaanza kuulizana swali lile lile, kibali cha kuwinda pronghoni, yule mnyama anayefanana na swala, nimepata, sasa niende lini? Na majibu wanayopewa yanagongana kabisa. Mmoja anasema nenda siku ya kwanza kabla hawajashtuka, mwingine anasema subiri wakati wa kupandana madume yakiwa yamepagawa, mwingine anasema we ngoja baridi ishuke. Ukweli ni kwamba wote wako sahihi ila kila mtu anajibu kulingana na alichokifuata yeye porini, na wewe unaweza ukawa umefuata kitu kingine kabisa. Kwahiyo nataka tulifungue hili jambo taratibu, na nitakaa Wyoming tu maana ndo jimbo lenye pronghoni wengi kuliko sehemu nyingine yoyote duniani na ndo wengi wetu tunakokwenda.

Tuanze na mnyama mwenyewe. Ukimwona kwa mbali utasema swala granti, rangi ya mchanga, tumbo jeupe, mistari myeupe shingoni, na anakaa uwanda wa wazi kabisa ila huku nyasi zimechanganyika na vichaka vifupi vya kijivu vyenye harufu kali vinaitwa sejibrashi. Lakini swala siye. Ndugu zake wa karibu walio hai leo ni twiga na okapi, yule wa msitu wa Ituri kule Congo, na katika ukoo wake mwenyewe wote walishatoweka kabaki yeye peke yake, Amerika Kaskazini tu. Mbio anakwenda kilomita 80 na kitu kwa saa, kati ya wanyama wa nchi kavu anayempita ni duma, na tofauti na duma huyu anaweza kushikilia mwendo mkali kwa kilomita kadhaa bila kuchoka. Macho yake ni makubwa na yamekaa pembeni mwa kichwa, anaona karibu pande zote bila kugeuka, yaani wewe unamtafuta kwa darubini na yeye alishakuona tangu uliposhuka kwenye gari. Akishtuka anasimamisha manyoya meupe ya makalioni na wenzake walio ng'ambo ya bonde wanapata taarifa papo hapo. Nayataja haya mapema kwasababu suala zima la tarehe linategemea hayo macho na hizo mbio, kuna wiki zinakusaidia na kuna wiki zinakumaliza.

Kitu ambacho wageni wengi hawakijui, na kinaumiza sana ukikigundua umechelewa, ni kwamba tarehe yako unaichagua Mei. Sio Septemba. Kibali cha Wyoming hakikupi ruhusa ya kuzunguka jimbo zima, kinaandikwa namba ya eneo na aina, na kila eneo lina tarehe zake za kufungua na kufunga. Aina ya 1 ni pronghoni yeyote, dume au jike. Aina ya 6 ni jike au mtoto tu, bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na ile ya kwanza. Maombi yanafungwa mwanzoni mwa Juni hivi, droo ya kugawa vibali inatoka katikati ya mwezi huo huo, alafu vibali vilivyobaki vinauzwa Julai, kwahiyo ukijaza namba ya eneo kwenye fomu bila kuangalia tarehe zake umeshajifunga. Kuna maeneo ya bunduki yanafunguliwa mapema Septemba, mengine katikati au mwishoni mwa Septemba, na mengi ya upande wa kaskazini mashariki kule Gillette na Buffalo yanasubiri 1 Oktoba. Mtu anayetaka kuwinda kwa bunduki wakati wa kupandana hawezi kuchukua eneo la 1 Oktoba alafu alalamike kwamba madume yametulia.

Na hapo hapo Mei kuna swali la ardhi. Sehemu kubwa ya huko kaskazini mashariki ni ranchi za watu binafsi, huingii bila ruhusa ya mwenye ranchi na sheria iko wazi, wakati kusini katikati kwenye jangwa la Red Desert kuna ardhi kubwa ya serikali kuu ambayo mtu yeyote mwenye kibali anaingia. Ila hiyo ardhi ya wazi ndo kila mtu anaitaka, kwahiyo kama sio mkazi wa Wyoming inabidi ukusanye pointi za kukupa kipaumbele kwenye droo kwa miaka kadhaa kwa baadhi ya maeneo. (Kuhesabiwa mkazi lazima uwe umekaa mwaka mzima, usidanganye, watu wanashitakiwa.) Kama umezaliwa 1 Januari 1966 au baada ya hapo unatakiwa uwe na cheti cha mafunzo ya usalama wa uwindaji, na hilo nalo ni la kumaliza mapema.

Najua msomaji wa Kenya ambako uwindaji ulipigwa marufuku 1977 anaweza akashangaa mbona wanyama hawa hawajaisha kwa vibali vyote hivi. Mwanzoni mwa karne ya 20 walikaribia kuisha kweli, waliuawa hovyo mwaka mzima bila msimu. Kilichowarudisha ni kufunga uwindaji, kuweka misimu na idadi, na tangu 1937 kodi maalum inayotozwa kwenye bunduki na risasi inarudi majimboni kwa ajili ya wanyamapori. Idara ya wanyamapori ya Wyoming inapanga vibali upya kila mwaka, na baada ya ile baridi kali ya 2022 kuingia 2023 iliyoua pronghoni wengi sana magharibi ya jimbo, vibali vilipunguzwa kwa kiasi kikubwa. Ndo maana ushauri wa mtu aliyewinda eneo fulani miaka mitano iliyopita usiuchukue mzima mzima, hakikisha kwanza hali ya sasa.

Haya, twende kwenye kalenda yenyewe.

Agosti ni ya upinde. Tarehe 15 Agosti ndo msimu wa mishale unafunguliwa karibu maeneo yote, na raha yake ni kwamba ukilipia kibali cha nyongeza cha upinde, kile kibali chako cha kawaida unaanza kukitumia siku hiyo, na usipopata kitu unarudi na bunduki msimu wake ukifika. Wakati huo nchi imekauka, joto linafika nyuzi 30 na zaidi, na pronghoni wanategemea maji ya mabwawa ya mifugo na matangi ya vinu vya upepo. Mwindaji anaweka kificho karibu na maji anaingia kabla ya alfajiri anakaa mpaka jioni. Ni kazi ya subira kwelikweli, ndani ya kile kihema kuna joto la kufa mtu na huruhusiwi kujitikisa. Dume akija kunywa haji moja kwa moja, anasimama mbali mita mia mbili hivi anaangalia, anakula kidogo, anaangalia tena, anazunguka upande wa pili, alafu anaanza kuja kwa hatua za haraka haraka kama aliyeamua, akifika ukingoni anainamisha kichwa na kukiinua ghafla bila hata kugusa maji, mara mbili mara tatu, na ukivuta upinde kwenye ile ya kwanza umemkosa. Ngoja mpaka uone koo linacheza. Akishaanza kunywa kweli una sekunde kadhaa.

Sasa ubaya wa Agosti ni mvua. Ikinyesha mvua moja kubwa ya radi, kila shimo na kila alama ya tairi inageuka kisima, na majani yenyewe yanakuwa na unyevu wa kumtosha, hiyo bwawa yako haina maana tena kwa siku kadhaa. Kwahiyo anayetaka Agosti asipange tarehe kwenye kalenda akafunga, apange wiki mbili anazoweza kuomba likizo, afuatilie mvua ya huko aendako, akiona ukame umekaza ndo aondoke.

Septemba ndo mwezi wenye mambo mengi zaidi na ndo unaochanganya watu. Kuanzia katikati ya mwezi mpaka mwanzoni mwa Oktoba ni wakati wa kupandana. Dume mwenye nguvu anakuwa na kundi lake la majike na kazi yake kutwa ni kuwakusanya na kufukuza madume wengine, utamwona anakimbia kilima hiki na kile, anasugua vichaka kwa ile sehemu nyeusi ya shavuni yenye tezi za harufu, anakwaruza chini anakojoa na kunya hapo hapo kuweka alama. Mnyama yule yule ambaye Agosti alikuwa anachukua nusu saa kusogelea maji, sasa akiona umbo la dume mwingine karibu na majike wake anaweza akaja mbio mpaka mita thelathini. Hapo ndo pronghoni bandia anafanya kazi, ule ubao uliochorwa unaoushika mbele huku umejikunja nyuma yake. Ila tafadhali, hicho kitu ni cha msimu wa upinde, wakati wa bunduki usijifiche nyuma ya umbo la mnyama kwenye uwanda uliojaa watu wenye darubini na risasi, hata kama umevaa ile nguo ya rangi ya chungwa au ya waridi inayong'aa ambayo sheria inakutaka uvae.

Kwa mtu wa bunduki, wakati wa kupandana una faida nyingine, madume wanaonekana mchana kutwa na akili yao haiko kwako. Hasara ni kwamba dume yuko na majike, na majike hawajapagawa hata kidogo. Unamnyemelea dume mmoja lakini macho unayotakiwa kuyakwepa ni ya wale majike saba au kumi na watano, na jike mmoja akianza kutembea kundi zima linaondoka na dume anafuata.

Siku ya ufunguzi nayo ina ubishi wake. Ni kweli kwamba asubuhi ile wanyama bado hawajafyatuliwa risasi na wametulia, lakini kwenye ardhi ya serikali utakuta pikapu kila kilima, na ikifika saa nne makundi yanakimbizwa kutoka eneo hadi eneo, watu wanapiga wanyama wakiwa mbioni, kitu ambacho mimi nakikataa kabisa maana ndo wanaumizwa na kupotea. Siku tatu za mwanzo zikipita wengi wanarudi makazini. Wanyama wanabaki na woga kwa muda, wengine wanahamia kwenye ranchi zisizoruhusu watu, ila kuanzia wiki ya pili, hasa katikati ya wiki, wanarudi kwenye ratiba yao ya kula asubuhi na kulala mchana. Kwa mtu anayejifunza, mimi ningemwambia achukue wiki ya pili Jumanne mpaka Alhamisi na aiache ile siku ya kwanza.

Na sasa joto, maana hapa ndo penye jambo lenyewe kwa anayefuata nyama. Kuna watu wengi Wyoming watakwambia nyama ya pronghoni ni mbaya, ina harufu ya sejibrashi, hailiki. Ukichunguza utakuta wengi walimpiga saa tano asubuhi joto likiwa nyuzi 28, wakapiga picha, wakamtupia nyuma ya pikapu na ngozi yake, wakazunguka naye mpaka jioni kumwonyesha rafiki. Ngozi ya pronghoni imeumbwa kwa baridi ya huko, manyoya yake ni manene na yana uwazi ndani kwahiyo yanashika joto vibaya sana, mwili ule unaendelea kujipika wenyewe. Manyoya hayo hayo yanakatika ovyo na yakigusa nyama yanaacha mafuta na harufu. Mnyama akishaanguka, andika tarehe kwenye kile kipande cha kibali kama sheria inavyotaka, pasua toa matumbo hapo hapo, alafu ndani ya saa moja awe amechunwa. Unachuna kwa kukunja ngozi kuelekea nje ili upande wa manyoya usiguse nyama, mkono mmoja ni wa ngozi na mmoja ni wa kisu na usiibadilishe. Acha alama ya jinsia kwenye mwili pale sheria inapotaka. Kisha vipande kwenye mifuko ya kitambaa na moja kwa moja kwenye deli lenye barafu, na barafu uwe umeinunua mjini kabla hujaingia porini. Ukifanya hivyo nyama ya pronghoni ni laini kuliko ya wanyama wengi wa porini huku, haina mafuta mengi, na inakubali kila kitu unachojua kuifanyia nyama, mishikaki, pilau, mchuzi. Waislamu mnaoniuliza, hukumu ya mawindo ni ile ile mnayoijua, bismillah unapofyatua na ukimfikia bado ana uhai unachinja, kwahiyo kisu kikali kiwe kiunoni na sio ndani ya gari.

Unaweza kupata nyama nzuri Septemba kama una nidhamu hiyo. Ila kama huna deli, huna msaidizi, na gari iko kilomita tatu, basi Septemba ya joto sio yako, na hapo ndo Oktoba inaingia.

Wiki mbili za kwanza za Oktoba kwangu ndo bora kwa mtu wa kawaida anayetaka nyama na asiyekataa dume mzuri akitokea. Usiku baridi inakaribia sifuri, mchana ni wa sweta, nyama inapoa yenyewe ukiitundika kivulini. Kupandana kunaisha, madume wamekonda lakini wanaanza kula tena, na majike wameshanenepa kwa ajili ya baridi. Anayepata kibali cha jike asione vibaya kwa ajili ya watoto, wamezaliwa mwishoni mwa Mei na mwanzoni mwa Juni na kufikia Oktoba wameshaacha kunyonya na wanakwenda na kundi.

Ya kuangalia Oktoba ni barabara. Udongo wa sehemu nyingi huko ukilowa unakuwa tope linaloganda kwenye tairi kama ugali, gari ya 4x4 au isiyo 4x4 yote inakwama, na mvua au theluji ya kwanza inaweza kuja siku yoyote. Ukiona utabiri unasema mvua jioni na umeingia kilomita ishirini barabara ya udongo, toka mchana, au ujipange kulala mpaka asubuhi udongo ugande kwa baridi ndo utoke.

Kuhusu pembe, kuna dhana kwamba ukisubiri zitakuwa kubwa zaidi. Hazikui tena. Pronghoni ana mfupa ndani na ganda la nje, na lile ganda analivua kila mwaka, hakuna mnyama mwingine mwenye pembe za namna hiyo. Ganda jipya linakua baridi na masika na kufikia katikati ya majira ya joto limemaliza, kwahiyo dume uliyemwona Agosti ana pembe zile zile Oktoba, kama hajavunja ncha kwa kupigana. Na kuanzia mwishoni mwa Oktoba mpaka Novemba zinaanza kudondoka. Unaweza ukampiga dume ukamshika pembe ukabaki na ganda mkononi, na chini yake ukakuta mfupa uliofunikwa ngozi yenye nywele na kincha kipya cheusi kinachipua juu. Kwahiyo anayetaka pembe za kutundika ukutani asivuke wiki ya pili ya Oktoba, na akiweza kupata eneo linalofunguliwa Septemba ni bora zaidi.

Mwishoni mwa Oktoba na Novemba, kwenye maeneo yaliyobaki wazi, vibali vingi ni vya majike. Baridi inasaidia nyama, watu wamepungua, lakini wanyama wamejikusanya makundi makubwa na kila kundi ni macho mia. Pia wengine wanakuwa wameshahama. Wale wanaokaa Grand Teton majira ya joto wanatembea kilomita zaidi ya 150 kwenda bonde la Green River kila vuli, njia wanayopita karibu na Pinedale ilijengewa hadi daraja la wanyama juu ya barabara mwaka 2012, na theluji ikiwahi nao wanawahi. Kwahiyo unaweza ukawa na kibali halali cha eneo ambalo wanyama walishaliacha wiki iliyopita. Kabla ya kuchukua kibali cha mwishoni piga simu ofisi ya idara ya eneo hilo uulize wanyama wanakuwa wapi wakati huo, wanajibu vizuri na wanapenda kuulizwa. Na theluji ikiwa nene, usiwakimbize huku na huku kwenye fensi za seng'enge, pronghoni haruki fensi kwa kawaida, anapita chini ya waya, na waya wa chini ukifunikwa na theluji anakuwa amenaswa.

Kuhusu saa, sheria inaruhusu kuanzia nusu saa kabla ya jua kuchomoza mpaka nusu saa baada ya kuzama, ila hawa sio wanyama wa gizani, wanaonekana mchana kweupe. Shida ya mchana ni mbili. Siku za joto hewa ya juu ya ardhi inachemka, ukiangalia kwenye darubini ya bunduki miguu yake inaelea na mwili unatikisika, usipige mbali saa hizo. Na upepo, Wyoming upepo unaanza saa tatu nne asubuhi na unakaza mpaka jioni. Risasi ndogo za kasi zinazotumiwa na wengi, .243 au 6.5 Creedmoor, zinasukumwa pembeni na upepo huo kwa kiasi kinachotosha kumjeruhi mnyama kwenye mita 300 badala ya kumwangusha. Kama mazoezi yako uliyafanya uwanja uliotulia mita 200, basi hiyo mita 200 ndo mwisho wako, na siku ya upepo mkali sogea mpaka 150 au umwache. Mara nyingi upepo unatulia kuanzia usiku, kwahiyo kama umemwona dume jioni na huwezi kusogea, angalia analala wapi, ondoka kimya kimya, na kesho yake uwe umeshalala chini nyuma ya sejibrashi kabla hakujapambazuka.